Kura ya Baba haikuandikiwa wosia

Agosti 10, 2027, ukifika kituo cha kupigia kura pale Oyugis, Mbita, Rongo au Awendo, utapewa karatasi ya urais isiyo na jina la Raila Odinga. Hilo halijatokea katika uchaguzi mkuu tangu 2002, na hata mwaka huo ni yeye mwenyewe aliyeamua kukaa kando na kumpigia debe Mwai Kibaki. Safari hii hakuna wa kuamua. Raila alifariki nchini India Oktoba 15, 2025 akiwa na umri wa miaka 80, na akazikwa Bondo siku nne baadaye.

Tangu siku hiyo, ukisikiliza hotuba za matangani na za majukwaani utadhani mzee aliacha sanduku la mali, kila mwanasiasa akadai fungu lake. Huyu ndiye aliyeshikwa mkono. Yule ndiye aliyenong'onezewa. Mwingine ndiye aliyekaa naye gari moja mara ya mwisho. Na katika hilo sanduku, mali inayogombaniwa si ng'ombe wala shamba. Ni kura yako wewe, kijana wa Homa Bay na Migori, ambaye labda hujawahi hata kupiga.

Kabla hujakubali kugawanywa, soma rekodi ya Baba debeni. Isome yote, ushindi na kushindwa, si vipande vya kuchangamsha mkutano. Halafu ujiulize: zile kura zilikuwa za nani, na zililetea nani nini?

Mara tano, na mara tano

Wacha tuanze na hesabu. Raila aliwania ubunge mara tano, zote Lang'ata, Nairobi: 1992, uchaguzi mdogo wa Machi 1997, uchaguzi mkuu wa mwaka huo huo, 2002 na 2007. Alishinda zote tano. Aliwania urais mara tano pia: 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Hakutangazwa mshindi hata mara moja.

Mwaka wa 1997, kwa tiketi ya NDP, alikuwa wa tatu nyuma ya Daniel arap Moi na Kibaki, akiwa na takriban asilimia 11 ya kura. Chama chake kilipata wabunge 21, wengi wao kutoka Luo Nyanza. Mwaka wa 2007 tume ilimpa kura 4,352,993 dhidi ya 4,584,721 za Kibaki. Nchi ikawaka moto, watu zaidi ya 1,100 wakafa, na baadaye tume ya jaji Johann Kriegler ikasema matokeo yaliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Raila akawa Waziri Mkuu katika serikali ya nusu mkate kuanzia Aprili 2008.

Mwaka wa 2013 alipata kura 5,340,546, Uhuru Kenyatta 6,173,433. Mahakama ya Juu ikakubali matokeo hayo. Mwaka wa 2017 alipata takriban kura milioni 6.8 dhidi ya milioni 8.2 za Uhuru, lakini Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wote wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika Afrika. Raila akajiondoa katika marudio ya Oktoba 26. Mwaka wa 2022 alipata kura 6,942,930, William Ruto 7,176,141. Pengo lilikuwa kura 233,211 tu. Liandike mahali hilo pengo, tutalirudia.

Kuna upande mwingine ambao watu husahau. Kwenye kura za maamuzi, Baba alijua kushinda. Mwaka wa 2005 upande wake wa chungwa uliangusha rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na serikali, na kutokana na tunda hilo chama cha ODM kikapata jina. Mwaka wa 2010 alikuwa upande wa kijani ulioshinda, tukapata katiba iliyozaa kaunti za Homa Bay na Migori. Debe lake la mwisho halikuwa hata la Kenya: Februari 15, 2025 jijini Addis Ababa aliwania uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, akaongoza raundi mbili za kwanza, kisha akashindwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti.

Hiyo ndiyo rekodi. Si ya malaika na si ya mtu aliyefeli. Ni ya mtu aliyeomba kura kwa zaidi ya miaka 30 na kubadilisha nchi bila kuingia Ikulu kama rais.

Nyinyi mlitoa nini

Sasa tuangalie kwenu. Katika rekodi hiyo, Homa Bay na Migori ni ghala. Homa Bay ilimpa Baba karibu kura zote zilizopigwa, uchaguzi baada ya uchaguzi. Migori ilimpa zaidi ya wanane kati ya kila wapiga kura kumi, na waliobaki wengi walikuwa ndugu zetu wa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, ambao wana siasa zao. Oktoba 2017 Baba aliposema tusipige kura, kura haikupigwa katika sehemu kubwa ya kaunti nne: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Tume iliahirisha uchaguzi katika kaunti hizo na haukufanyika tena.

Utii wa aina hiyo ni nadra duniani. Mwenzake wa karibu zaidi ni kisiwa cha Pemba na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyewania urais wa Zanzibar mara sita kati ya 1995 na 2020 na hakutangazwa mshindi hata moja. Wapemba walisimama naye mvua na jua. Tutarudi Pemba, kwa sababu kuna somo pale.

Lakini kwanza lile pengo la kura 233,211. Mwaka wa 2022 Homa Bay ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya 551,000. Migori ilikuwa na takriban 469,000. Jumla ni zaidi ya milioni moja. Siku ya kupiga kura, karibu robo yao hawakutokea. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu: robo ya milioni moja na kitu ni watu wanaokaribia kabisa pengo lile lililotenganisha Ruto na Raila nchi nzima.

Ni kweli si wote wangempigia Baba, hasa upande wa Kuria. Pia kaunti hizi mbili hazikufanya vibaya kuliko wengine, maana nchi nzima waliojitokeza walikuwa kama asilimia 65 tu. Lakini ukweli usemwe. Tuliimba, tukavaa fulana, tukaandamana na msafara hadi kiwanja cha shule, halafu siku yenyewe mtu mmoja kati ya wanne akabaki nyumbani, akaenda ziwani, au alikuwa Nairobi ilhali kura yake iko Ndhiwa. Wengi katika hao wanne hawakubaki kwa sababu ya uvivu. Walibaki kwa sababu walikuwa wameambiwa kila kitu kimeshaamuliwa, na kwa viti vya nyumbani walikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Kivuli cha mti mkubwa

Hapo ndipo kuna shida. Mgombea urais ni mmoja, karatasi ni sita. Kila kaunti kati ya hizi mbili ina gavana, seneta, Mwakilishi wa Kike, wabunge wanane na wawakilishi wadi 40 wa kuchaguliwa. Hiyo ni viti 51 kila kaunti, 102 kwa jumla. Jina la Raila lilikuwa kwenye karatasi moja, lakini kivuli chake kilifunika hizo nyingine tano. Ndiyo maana ya kupiga kura mtindo wa suti: koti likiwa la ODM, na suruali, shati, tai, soksi na hata kitambaa cha jasho viwe vya ODM.

Kwa mwanasiasa, suti ni raha. Hahitaji kukueleza kwa nini maji hayafiki mtaa wa juu wa mji ulio kando ya ziwa. Hahitaji kukwambia mkulima wa miwa wa Awendo atalipwa lini, wala mchimba dhahabu wa Macalder atalindwa vipi mgodi ukiporomoka. Anahitaji tu cheti cha chama. Akikipata cheti, kazi imeisha. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe huwa si Agosti, ni Aprili, kwenye mchujo. Na mchujo ukiwa wa fujo, au ukifutwa na tiketi ikatolewa mkononi, basi wewe hujachagua mtu yeyote. Umeidhinisha tu.

Pesa za kaunti si mchezo. Homa Bay na Migori kila moja hupata zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka kutoka hazina ya taifa. Zahanati ya kijijini kwenu, chekechea, chuo cha ufundi, barabara ya kwenda sokoni, ufuo wa kuanika omena: hayo yote ni ya kaunti, si ya Ikulu. Tumelia machozi ya Ikulu kwa robo karne, huku hesabu za nyumbani zikipita bila kuulizwa.

Hata hivyo, usiambiwe kwamba watu wa kwenu hawajawahi kukataa. Rekodi yao ipo, na ni ya kujivunia.

Mwaka wa 2013, Migori ilimpa Raila kura za urais kwa wingi, na mkono ule ule ukamchagua Okoth Obado wa PDP kuwa gavana wa kwanza, ukamwacha mgombea wa ODM. Watu walijua kutenganisha karatasi. Mwaka wa 2017 Suna Magharibi walimpeleka Peter Masara bungeni akiwa mgombea huru. Mwaka huo huo Homa Bay, Cyprian Awiti wa ODM aliponea kwa takriban kura 21,000 dhidi ya mgombea huru Oyugi Magwanga. Mahakama Kuu ilifuta ushindi huo, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, na ni Mahakama ya Juu iliyomrudishia Awiti kiti.

Halafu kuna hadithi ambayo kijana hafai kuisahau. Oktoba 2018 Migori ilikuwa na uchaguzi mdogo wa seneta baada ya kifo cha Ben Oluoch. ODM ilimsimamisha Ochillo Ayacko, mtu aliyeingia bungeni mara ya kwanza 1997, waziri wa zamani. Kijana Eddy Oketch akasimama na chama ambacho wengi walikuwa hawajakisikia, Federal Party of Kenya. Alishindwa, lakini alipata zaidi ya kura 60,000. Miaka minne baadaye, 2022, nani alipewa tiketi ya ODM ya useneta Migori? Oketch huyo huyo. Naye Ayacko akawa gavana. Na kule Homa Bay, Magwanga aliyewatoa jasho 2017 akawa naibu wa gavana Gladys Wanga.

Unaona mtindo? Chama kilimsikiliza aliyekisumbua. Kura 60,000 za kushindwa ziliongea kuliko kura laki tatu za suti.

Hata Wanga mwenyewe hakuingia bila kutoa jasho. Tiketi ya ODM alipewa baada ya mazungumzo yaliyomfanya John Mbadi akubali kukaa pembeni. Evans Kidero, gavana wa kwanza wa Nairobi, alikataa mpango huo, akawa mgombea huru na kupata zaidi ya kura 150,000. Wanga alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Homa Bay, na alishinda akiwa ameomba kura kijiji kwa kijiji. Kiongozi aliyeomba anajua anadaiwa. Aliyepewa mkononi anamjua aliyempa tu.

Baba mwenyewe alihama mara ngapi

Wanaokwambia kwamba kutofuata chama ni kumsaliti Baba, waulize Baba alikuwa chama gani. Alishinda Lang'ata 1992 akiwa Ford-Kenya. Baada ya babake Jaramogi kufariki Januari 1994, aligombania uongozi wa chama na Michael Wamalwa Kijana, akashindwa. Akahamia NDP. Machi 2002 akaivunja NDP ndani ya KANU na kuwa katibu mkuu. Oktoba mwaka huo akaihama KANU, akaingia LDP na NARC, akatamka pale Uhuru Park kwamba Kibaki anatosha. Baadaye ODM, na juu yake CORD, kisha NASA, kisha Azimio. Machi 2025 akatia saini makubaliano na Rais Ruto, mtu aliyemshinda 2022.

Kuna jambo moja katika safari hiyo ambalo linatosha kuwa somo zima. Alipohama Ford-Kenya, Raila alijiuzulu ubunge, akarudi Lang'ata na kuwaambia wapiga kura: nimebadilisha chama, niajirini upya au mnifute. Wakamwajiri upya Machi 1997. Hakudai kwamba kiti ni chake, wala ni cha babake, wala ni cha chama. Alirudi kwa wenyewe. Na Lang'ata haikuwa Bondo. Ilikuwa na Kibera ya kila kabila na mitaa ya matajiri upande wa pili wa barabara. Pale alihitaji kuomba, na pale ndipo hakuwahi kushindwa.

Sasa turudi Pemba. Machi 2019, baada ya mzozo wa miaka ndani ya CUF, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo. Wafuasi wake walishusha bendera za CUF na kupandisha za ACT, ofisi zile zile, watu wale wale. CUF ilibaki na jina, muhuri na makao makuu, lakini watu walikuwa wameondoka. Chama kilidhani zile kura ni zake kwa sababu zilipigwa kwenye nembo yake. Kumbe zilikuwa za watu, waliompa mtu waliyemwamini, kwa sababu walizoziona wao.

Ndivyo ilivyo kwenu. Kura ya Baba ilikuwa mkataba kati ya watu na mtu mmoja. Msingi wake ulikuwa miaka aliyokaa kizuizini chini ya Moi, bila kupelekwa mahakamani. Ulikuwa Saba Saba, katiba mpya, ugatuzi, na uchungu wa 2007. Mtu hawezi kurithi kifungo cha mwenzake. Hawezi kurithi mabomu ya machozi aliyovuta mwingine. Kama urithi upo, ni deni, na deni hulipwa kwa kazi.

Kasipul tayari imepigwa picha ya kesho. Mbunge Ong'ondo Were aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi Aprili 30, 2025. Uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27, wiki chache tu baada ya mazishi ya Baba. Mwanawe Boyd Were alishinda kwa tiketi ya ODM, mpinzani mkuu akiwa mgombea huru Philip Aroko. Ushindi ni ushindi, na wananchi wa Kasipul waliamua. Lakini kampeni zile zilikumbwa na fujo na damu ikamwagika, na waliotumwa mstari wa mbele walikuwa vijana. Kama hiyo ndiyo siasa ya baada ya Baba, wa kwanza kuumia ni wewe, si mgombea.

Lakini umoja je?

Kuna hoja ambayo haifai kudharauliwa. Mzee wako atakwambia: tukigawanyika tutamezwa. Kura zikiwa kapu moja, tunaheshimiwa mezani. Na ana ushahidi. Bila kura za pamoja 2007 kusingekuwa na Waziri Mkuu 2008. Bila umoja wa kaunti hizi, ODM isingekuwa na mawaziri serikalini leo, akiwemo Mbadi, mwana wa Homa Bay, anayeshika Hazina ya Kitaifa tangu Agosti 2024. Mjaluo aliyezaliwa wakati wa mauaji ya Tom Mboya 1969, mwana wa Rusinga, au aliyemwona Robert Ouko akizikwa 1990, ana sababu ya kuogopa kuwa peke yake.

Tunaiheshimu hoja hiyo. Lakini iangalie vizuri. Umoja unaopiga bei mezani ni ule wa karatasi ya urais. Haujawahi kudai kwamba mwakilishi wa wadi awe mtu asiyefika wadini. Migori 2013 ilimpa Raila kura zake na bado ikachagua gavana wa chama kingine, na hakuna aliyemezwa. Unaweza kushikana mikono kwenye karatasi moja na kutumia akili zako kwenye zile tano. Tena kapu lenye nguvu ni kapu lililojaa. Kapu la 2022 lilikuwa na robo tupu.

Na kijana wa 2027 ana mambo yake yasiyongoja wazee. Ni rika lake lililoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha. Ni jirani yake, mwalimu na bloga Albert Ojwang', aliyekamatwa nyumbani kwao Homa Bay Juni 2025 na kufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Hasira ilikuwepo, na bado ipo. Lakini hasira haina kadi ya kura. Ukiimaliza yote kwenye X na TikTok, Agosti itapita na wale wale watarudi, wakikupigia honi barabarani.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jisajili. Tume ya uchaguzi ilifungua usajili endelevu Septemba 29, 2025 katika ofisi zake za maeneobunge. Kitambulisho mkononi, dakika chache, umemaliza. Kama unaishi Nairobi, Kisumu au Eldoret, amua sasa kura yako itakuwa wapi, na kama ni nyumbani, jua kwamba nauli ya Agosti inaanza kuwekwa leo. Ukitimiza miaka 18 kabla usajili haujafungwa, umri hautakuwa kisingizio.

Pili, angalia kama umeshasajiliwa kuwa mwanachama wa chama bila kujua. Vijana wengi wamejikuta wameandikishwa. Rekodi za Msajili wa Vyama ziko kwenye eCitizen, unaweza kukagua na hata kujiondoa kwa simu. Ukitaka kuwania wadi kama mgombea huru, Katiba inataka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo usigundue Juni kwamba jina lako liko mahali.

Tatu, kama wewe ni wa ODM, kuwa wa ODM kweli. Jiandikishe rasmi, kwa sababu katika mchujo wa wanachama wote, sajili ndiyo inayosema nani anapiga. Fika siku ya mchujo. Dai uwe wa wazi, na utangazwe mapema. Akipewa mtu tiketi mkononi, uliza kwa nini, kwa sauti, kama Kidero alivyouliza na kura zaidi ya 150,000 zikamwunga mkono. Chama kinachoogopa wanachama wake hakitawahi kukutetea mbele ya wengine.

Nne, kataa kuwa mkono wa kukodishwa. Mia mbili na fulana haziwezi kulipia jicho lako. Mgombea anayekutuma kurusha mawe Oyugis hatakuwepo ukilala hospitali ya rufaa ya kaunti ukingoja damu.

Tano, muulize kila anayekuja na jina la Baba mdomoni swali moja: wewe umefanya nini? Asikwambie alikaa gari gani. Akwambie barabara gani, bwalo gani la shule, ripoti gani ya mkaguzi aliyoisoma bungeni au kwenye bunge la kaunti. Na kijana wa Kehancha na Isebania, swali ni hilo hilo kwako, hata kama wa kwenu wanakuja na jina la mtu mwingine.

Kuna wanaosema siasa za Luo Nyanza ziliisha pale Bondo Oktoba 19, 2025. Hazikuisha. Zimebadilisha mwajiri. Kwa miaka 30 kila mwanasiasa wa Homa Bay na Migori alikuwa na bosi mmoja, na ukimpendeza bosi kiti ni chako. Bosi huyo hayupo tena. Kiti cha bosi sasa kinakungoja wewe, na kadi ya kukikalia inatolewa bure kwenye ofisi ya tume, eneobunge lenu.

Baba aliomba kura zenu mara tano za urais na mkampa, kwa hiari yenu. Hakuna karatasi aliyoandika kuzigawa, na angewezaje, maana hazikuwa zake. Anayezitaka 2027 aje aziombe kwako, mlangoni, kama mtu mwingine yeyote anayetafuta kazi.